Ugonjwa Usiohesabiwa: Homa ya Matumbo, Chanjo Yake na Kazi Inayotungoja Rungwe

Mhadhara kwa watumishi wa afya, walimu, viongozi wa dini na wazazi, Tukuyu, wilayani Rungwe



Nimeombwa kuzungumza juu ya chanjo ya homa ya matumbo, ambayo sokoni na majumbani tunaiita taifodi. Nina jambo moja kubwa la kusema, na ni afadhali nilitaje mapema ili kila atakayenisikiliza anipime kwalo. Chanjo nzuri ya ugonjwa huu ipo. Imejaribiwa kwa watoto wa Kiafrika na ikawakinga. Jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, wanawapa watoto wao tangu mwaka 2023. Kwetu haimo katika kadi ya kliniki. Fedha ni sehemu ya sababu, lakini kikwazo kilicho karibu nasi zaidi ni kwamba hatujui kwa hakika nani anaumwa taifodi na nani haumwi. Tunaitaja kila siku, ila hatuipimi sawasawa. Na ugonjwa usiohesabiwa sawasawa haupewi chanjo.

Ugonjwa wenyewe

Homa ya matumbo huletwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi. Bakteria huyu hana makao mengine duniani ila mwili wa binadamu. Hakai kwa ng'ombe, kuku wala nguruwe. Kwa hiyo kila anayeugua amepata uchafu wa choo cha binadamu mwenzake, uliomfikia kinywani kwa maji, kwa maziwa yaliyoshikwa na mikono michafu, kwa tunda lililooshwa mtaroni, au kwa mkono wa aliyempakulia chakula. Hilo ni jambo la kusikitisha, na papo hapo ni jambo la kutia moyo: ugonjwa usio na maficho porini wala zizini unaweza kufukuzwa kabisa.

Akishamezwa, bakteria hupenya utumbo na kuingia katika damu. Wiki moja hadi tatu hupita kabla dalili hazijaonekana. Kisha homa hupanda polepole, leo kidogo, kesho zaidi. Kichwa huuma, chakula hakitamaniki, tumbo huvurugika. Mtu mzima mara nyingi hukosa choo, mtoto huharisha. Mgonjwa asiyepata dawa sahihi akifika wiki ya tatu, utumbo wake mdogo unaweza kutoboka. Madaktari wa upasuaji wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 taarifa ya wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na taifodi. Wengi walikuwa watoto na vijana, na pamoja na upasuaji, karibu robo yao walifariki.

Wako pia wanaopona wakabaki na bakteria katika mfuko wa nyongo kwa miaka mingi, wazima wa afya, wakiwaambukiza wengine bila kujua. Mpishi Mary Mallon wa New York, aliyetengwa na mamlaka za afya kwa mara ya kwanza mwaka 1907, ndiye aliyeufundisha ulimwengu kwamba mtu asiye na homa anaweza kueneza homa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 9 waliugua taifodi na 110,000 walikufa. Wengi wao ni watoto wa Asia Kusini na wa Afrika kusini mwa Sahara. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, ambako watafiti walifuatilia wakazi nyumba kwa nyumba kwa miaka kadhaa na kuotesha damu za wenye homa, yaani kuziweka maabara ili bakteria aliyemo akue na kuonekana, waliwapata wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na walioathirika zaidi walikuwa watoto wadogo. Kijijini Lwak, hukohuko Kenya, upande wa Ziwa Victoria, hesabu hiyo ilikuwa 29. Nchi moja, ugonjwa mmoja, na tofauti kubwa hivyo kati ya mahali na mahali! Ndiyo maana takwimu za kuazima hazitoshi. Tukuyu si Kibera, na Kiwira si Lwak.

Kipimo tulichokizoea

Mwaka 1896, mjini Paris, daktari Fernand Widal alionyesha kwamba majimaji ya damu ya mgonjwa wa taifodi yakichanganywa na bakteria wa taifodi, bakteria hao hugandamana. Kwa wakati wake ulikuwa ugunduzi mkubwa. Leo, zaidi ya miaka 120 baadaye, kipimo hicho kingali tegemeo la maabara zetu ndogo, kwa sababu ni rahisi na majibu yake hutoka siku ileile.

Lakini kipimo hicho, kinachoitwa Widal, hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huziacha baada ya kupambana. Alama hizo zinaweza kudumu miezi mingi baada ya kupona. Zinaweza kuletwa na bakteria wengine wa jamii ya salmonela. Malaria nayo inaweza kukichanganya kipimo. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto waliolazwa na homa katika hospitali ya Muheza, mkoani Tanga, ambako Widal kililinganishwa na kuotesha damu. Kiliposema mtoto hana taifodi, karibu mara zote kilisema kweli. Kiliposema anayo, kilikuwa sahihi kwa mtoto mmoja tu katika kila wanne. Watoto watatu waliobaki huenda walikuwa na ugonjwa mwingine ambao ungeendelea kuwatafuna huku wakinywa dawa za taifodi.

Kosa hili la kuipa homa jina lisilo lake lilitokea kwa malaria kabla ya kutokea kwa taifodi. Kati ya mwaka 2007 na 2008, mjini Moshi, watafiti waliwapima kwa kina wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Malaria ilithibitishwa kuwa chanzo cha homa kwa 14. Miongoni mwa waliobaki walipatikana wenye maambukizi ya bakteria katika damu, magonjwa yatokayo kwa mifugo na panya, na mengine ambayo hakuna aliyeyafikiria. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea hadi zahanati, homa nyingi zilipoteza jina zililolizoea, zikahitaji jingine. Mara nyingi jina lililopatikana lilikuwa taifodi. Katika wilaya ya baridi kama hii, ambako malaria si kali kama kule chini Kyela, kishawishi hicho kina nguvu zaidi.

Madhara yake ni mengi, nayo hayaishii kwa mgonjwa. Familia inalipia kipimo na dawa zisizohitajika. Vijidudu vingine mwilini vinaizoea dawa, na usugu unakua. Kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya takwimu za wagonjwa, kinajaa taifodi ambazo huenda si taifodi, na mtaalamu wa Wizara ya Afya aliyeko Dodoma akizisoma hesabu hizo hawezi kuziamini. Kwa hiyo wagonjwa wetu wa kweli wanafichwa na wagonjwa wetu wa kudhania. Wote wameandikwa, lakini ni kana kwamba hakuna aliyeandikwa.

Chanjo: kutoka 1896 hadi sasa

Mwaka uleule wa 1896, Almroth Wright wa Uingereza na Richard Pfeiffer wa Ujerumani walitangaza chanjo za kwanza za taifodi, zilizotengenezwa kwa bakteria waliouawa. Zilikinga, lakini zilileta homa na maumivu makali, na hatimaye zikaachwa. Baadaye zikaja mbili nyingine: ya kumeza, yenye bakteria hai aliyedhoofishwa, na ya sindano, iliyotokana na sukari inayomfunika bakteria, iitwayo Vi. Hizi zilikuwa salama zaidi, lakini hazikumfaa mtoto mchanga. Ya kumeza ilihitaji dozi kadhaa, na vidonge vyake vilikuwa vya watoto wakubwa. Ya sukari haikufanya kazi vizuri chini ya miaka 2, na kinga yake ilipungua baada ya miaka michache. Kwa sehemu kubwa zilibaki chanjo za wasafiri na wanajeshi.

Mabadiliko yalikuja wanasayansi walipoiunganisha sukari hiyo na protini. Kinga ya mtoto mdogo haiitambui sukari ikiwa peke yake. Ikipachikwa kwenye protini, kwa mfano ile inayotumika katika chanjo ya pepopunda, mwili unaishika, unaikumbuka, na unajiandaa kwa miaka. Mbinu hii si ngeni kwa watoto wa Rungwe. Ndiyo iliyomo katika sehemu mojawapo ya chanjo ya penta wanayochomwa pajani, na ndiyo iliyomo katika chanjo ya nimonia ambayo Tanzania iliianzisha karibu na mwaka 2013 pamoja na ile ya rota ya kuzuia kuharisha.

Mwaka 2001 jaribio lililofanyika Vietnam kwa watoto wa miaka 2 hadi 5 lilionyesha kwamba chanjo ya aina hii iliwakinga zaidi ya asilimia 90. Lakini ni mwishoni mwa mwaka 2017 tu Shirika la Afya Duniani lilipoipa ithibati chanjo ya kwanza ya namna hiyo, Typbar-TCV, iliyotengenezwa na kampuni ya Bharat Biotech ya India. Miaka 16 ilipita katikati. Ugonjwa wa maskini, ambao nchi maskini zenyewe hazikuwa na hesabu zake, haukuwa na wa kuusemea mezani.

Tangu Machi 2018 ushauri wa Shirika hilo uko wazi: nchi zenye taifodi nyingi, au zenye taifodi sugu kwa dawa, ziiingize chanjo hii katika ratiba ya watoto. Ni sindano moja tu ya nusu mililita, inayoweza kutolewa kuanzia miezi 6, pamoja na kampeni ya mara moja kwa watoto wote hadi miaka 15.

Yaliyowapata jirani zetu

Naomba sasa tuangalie Blantyre, kwa sababu Malawi si nchi ya mbali kwa watu wa Rungwe. Ndizi na viazi vya milima hii vinapita mpaka wa Kasumulu. Ndugu na biashara hupita hapohapo, na vijidudu havisimami mpakani kugonga muhuri wa pasipoti.

Katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, damu za wagonjwa wenye homa zimekuwa zikioteshwa tangu mwaka 1998. Hadi mwaka 2010 walipata wastani wa wagonjwa 14 wa taifodi kwa mwaka. Mwaka 2011 wakawa 67. Mwaka 2012, 186. Mwaka 2013, 843. Bakteria alikuwa amebadilika: karibu wote walikuwa sugu kwa ampisilini, klorafenikoli na dawa ya kundi la Septrin, zile dawa za bei nafuu ambazo zahanati zilizitegemea. Wamalawi waliliona wimbi hilo likija kwa sababu maabara yao ilikuwa imewasha taa kwa miaka 13 kabla. Kama wangetegemea Widal, wagonjwa hao mia nane na ushee wangepotea katika maelfu ya taifodi za kudhania.

Hesabu hizo ndizo zilizowapa sauti. Malawi ilichaguliwa kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuijaribu chanjo mpya kwa kiwango kikubwa. Watoto 28,130 wa miezi 9 hadi miaka 12 waliandikishwa. Nusu walipata chanjo ya taifodi, na nusu walipata chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ili pasiwe na mtoto aliyechomwa sindano bure. Kundi la kwanza likapata wagonjwa 12 wa taifodi iliyothibitishwa kwa kuotesha damu. Kundi la pili, 62. Hiyo ni kinga ya zaidi ya asilimia 80. Watoto walipofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 4, kinga ilikuwa bado asilimia 78. Nepal na Bangladesh zilipata majibu yanayofanana na hayo.

Mwezi Mei 2023 Malawi iliwachanja watoto wake nchi nzima hadi umri wa miaka 14, kisha ikaiingiza sindano hiyo kliniki katika miezi 9, siku moja na ya surua. Liberia na Zimbabwe zilitangulia mwaka 2021. Kenya ilifanya kampeni yake Julai 2025. Nasi tuko katikati yao.

Njia ya kuingia katika kadi ya kliniki

Wazazi huniuliza: kama chanjo ipo, kwa nini isiletwe kesho? Chanjo mpya huingia kwa hatua. Kamati ya taifa ya wataalamu wa chanjo hupima ushahidi na kuishauri Wizara ya Afya. Wizara ikiridhika huandika ombi kwa Gavi, shirika linalozisaidia nchi zenye kipato kidogo kununua chanjo. Dozi moja ya taifodi hununuliwa kwa takribani dola moja na nusu ya Marekani au pungufu. Gavi hulipa sehemu kubwa, nchi hulipa iliyobaki, na kadiri uchumi wa nchi unavyopanda, sehemu ya nchi nayo hupanda. Tanzania iliingia kundi la kipato cha kati cha chini mwaka 2020, hivyo kila chanjo mpya itagharimu hazina yetu zaidi kuliko zile zilizotangulia. Waziri wa Fedha ana haki ya kuuliza: ugonjwa huu unaua wangapi, wapi, na wa umri gani? Swali hilo halina ubaya wowote. Ubaya ni kukosa jibu.

Upande wa utekelezaji, njia imekwisha kufunguliwa. Mtoto wa miezi 9 anakuja kliniki kwa ajili ya surua na rubela. Anarudi akiwa na miezi 18 kwa dozi ya pili. Sindano ya taifodi inaweza kutolewa siku hiyohiyo, paja jingine, bila mama kupanda tena mlima na mtoto mgongoni. Chanjo hii hutunzwa nyuzi 2 hadi 8, kama nyingi nyingine zilizoko katika majokofu yetu. Kwa watoto wakubwa tunazo shule, na tunao uzoefu wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi tangu mwaka 2018.

Mkoa wa Mbeya unajua pia kuchanja kwa haraka. Mwezi Machi 2022, baada ya polio kuonekana Malawi, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba katika Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Septemba 2023, baada ya kirusi cha polio kuthibitishwa Rukwa, walipita tena. Wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliobeba vikasha vya baridi katika njia za utelezi za milima hii wamo humu ukumbini. Hakuna haja ya kuwafundisha upya namna ya kumfikia mtoto.

Maji na vyoo havisubiri

Wapo watakaosema: tujenge vyoo na kuleta maji safi, chanjo ya nini? Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa kuwa historia iko upande wao kwa sehemu. Miji ya Ulaya na Marekani iliishinda taifodi kwa kuchuja maji, kuweka klorini na kujenga mifereji ya majitaka, mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini kazi hiyo ilichukua miongo, na ilikuwa ya miji yenye kodi nyingi.

Hapa kwetu mvua ni nyingi kuliko karibu kila mahali nchini. Chemchemi na vijito viko kila bonde, na hilo linatupa imani kwamba maji yetu ni safi kwa sababu ni ya baridi na yanang'aa. Mvua kubwa ikinyesha kwenye mteremko huosha kila kilichoko juu na kukipeleka kijitoni. Choo cha shimo kilichochimbwa juu ya chemchemi kinaigeuza chemchemi kuwa hatari hata ikiwa maji yake yanameremeta. Mlipuko wa taifodi wa Kampala mwaka 2015 ulitokana na maji yasiyo salama na vinywaji vilivyouzwa mitaani. Hakuna aliyeyanywa akijua.

Chanjo humkinga mtoto wa leo wakati bomba la mserereko lingali kwenye mchoro. Nayo haimkingi kwa asilimia mia, wala haizuii kipindupindu, kuhara damu au minyoo. Anayeipokea chanjo akaacha kuchemsha maji ameielewa vibaya. Anayeikataa kwa kusubiri bomba anawaacha watoto wa miaka hii waugue kwa ajili ya maji ya miaka ijayo.

Hofu za wazazi

Mzazi anayeuliza kilichomo katika sindano anatimiza wajibu wake, na anastahili jibu kamili. Chanjo hii ina kipande cha sukari ya bakteria na protini ya kuibeba. Haina bakteria hai, kwa hiyo haiwezi kumletea mtoto taifodi. Maumivu mahali pa sindano na homa ndogo ya siku moja au mbili ndiyo madhara ya kawaida. Maelfu ya watoto wa Blantyre walifuatiliwa kwa karibu, na hayakuonekana madhara makubwa yaliyosababishwa na chanjo.

Maneno haya yana uzito zaidi yakitoka kwa watu wanaoaminika. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Dayosisi ya Konde ya Walutheri makao yake yako hapahapa Tukuyu. Wakatoliki wana hospitali yao Igogwe. Kwa zaidi ya karne, imani na tiba vimeishi nyumba moja katika milima hii. Wachungaji, mapadre na mashehe, waulizeni wataalamu maswali magumu mapema, kabla chanjo haijafika, ili siku ikifika mseme mnachokijua.

Tunachoweza kuanza nacho

Rungwe haiwezi kuiingiza chanjo hii peke yake. Inaweza kulitayarisha jibu la lile swali la Waziri. Naomba mambo manne.

La kwanza, tuoteshe damu. Hospitali za Makandana, Igogwe na Itete zinaweza kukubaliana na Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, kwamba mtoto mwenye homa ya siku 3 au zaidi isiyo malaria achukuliwe damu katika chupa maalumu kabla hajapewa dawa, na chupa isafiri kwenda maabara siku hiyohiyo. Barabara ya lami ipo. Kuotesha damu nako hukosa. Hukamata takribani wagonjwa 6 katika kila 10. Lakini anayekamatwa ni mgonjwa wa kweli, na bakteria wake anaweza kupimwa ni dawa gani bado inamweza.

La pili, tuandike tofauti. Taifodi iliyothibitishwa iandikwe kuwa imethibitishwa, na ya kudhania iandikwe kuwa ya kudhania. Daktari wa upasuaji anayekuta utumbo uliotoboka aiandike taarifa hiyo na kuifikisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kwani hiyo ndiyo sura ya taifodi isiyohitaji kubahatisha.

La tatu, Halmashauri zetu mbili, Rungwe na Busokelo, ziingize gharama hizo katika Mpango Kabambe wa Afya. Chupa za kuotesheshea damu ni ghali kuliko Widal kwa mgonjwa mmoja, lakini dawa zisizohitajika nazo zina gharama yake.

La nne ni letu sote wazazi: tusimlazimishe mganga atupe taifodi. Mtumishi akisema, "Mama, Widal haitoshi, tuchukue damu ikaoteshwe, tusubiri," tumheshimu. Na mwenye duka la dawa anayekataa kumuuzia mtu nusu dozi ya antibiotiki, tumshukuru.

Tukifanya hayo kwa miaka 2 au 3, wilaya hii itapeleka Dodoma daftari lenye hesabu inayosimama. Huenda likaonyesha taifodi nyingi, na hapo Rungwe itakuwa na haki ya kuidai chanjo kwa sauti kubwa. Huenda likaonyesha taifodi chache na homa nyingine nyingi tulizozipa jina lisilo lake, na hapo tutakuwa tumewaokoa watoto hao kutoka katika tiba isiyowahusu. Kwa vyovyote mtoto wa Rungwe atafaidika, na kazi hii haihitaji kibali cha Shirika la Afya Duniani. Inahitaji chupa ya damu, gari la kwenda Mbeya, na mwandishi mwaminifu.